Safari ya Kariobangi: Mikanda, Puli na Mwendo wa Mashine

Mtu anayetaka kuujua mji wa Nairobi kwa majengo yake marefu, na aende katikati ya mji. Lakini anayetaka kuujua kwa kazi ya mikono ya watu wake, na ashike barabara ya Juja, apite Pangani, auache mtaa wa Eastleigh upande wa kulia na bonde la Mathare upande wa kushoto, kisha apite Huruma mpaka afike penye mzunguko wa barabara ya Outer Ring. Hapo ndipo Kariobangi, na humo mna sehemu ya viwanda vidogo ambayo mafundi huiita Light Industries. Si mahali pa kwenda kutazama mandhari, maana hakuna bustani wala ziwa. Lakini mkulima mwenye kinu cha kusaga mahindi, au karani anayeweka akiba ili afungue karakana siku atakapostaafu, atajifunza huko mambo mengi kwa siku moja.

Mgeni huongozwa na masikio kabla ya macho. Katika kibanda kimoja vyuma vinaungwa kwa moto wa umeme. Katika cha pili aluminiamu iliyotokana na vyuma chakavu inayeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, nayo hutoka humo ikiwa sufuria, au puli, au kifuniko cha mashine. Mbele kidogo kuna mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi huiita lethi, na kando yake keekee ya kusimama, na msumeno wa mbao, na jiwe la kunolea. Kila mashine ina sauti yake: moja yanguruma kwa upole kama mzee anayesinzia, nyingine yalia kwa sauti nyembamba kama mbu. Na jambo la ajabu ni kwamba mashine hizi zenye sauti mbalimbali mara nyingi huendeshwa na mota za namna moja. Kinachozitofautisha mwendo ni mkanda na puli.

Kazi za namna hii, ambazo sisi sote twaziita jua kali kwa sababu wengi walizianza bila paa la kuwakinga, zilianza kutajwa sana katika mambo ya uchumi baada ya mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilipotoa taarifa yake juu ya ajira katika Kenya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, Serikali ilitoa waraka wa Bunge uliohusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Lakini nyaraka hazizungushi mashine. Twende basi tukaone kinachozizungusha.

Umeme wa Kenya hubadili mwelekeo wake mara 50 kwa kila sekunde kwenda na kurudi, na kwa sababu hiyo mota ya kawaida ya karakana ina mwendo wake usiobadilika. Nyingi huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, na nyingine karibu mara 2,900. Ukiipa kazi nyepesi au nzito, mwendo wake hupungua kidogo tu. Ni kama ng'ombe wa kulimia aliyezoea hatua moja: ukimpiga hendi mbio, ukimbembeleza hendi pole. Lakini kazi zenyewe hazitaki mwendo mmoja. Fundi anayetoboa chuma laini kwa ncha ya milimita 6 ataka mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Akibadili na kutia ncha ya milimita 20, ataka mizunguko isiyofika 500, la sivyo ukingo wa ncha ile utapata moto, utabadilika rangi kuwa buluu, na makali yake yataisha kabla tundu halijatokea upande wa pili. Ncha iliyoharibika ni fedha iliyopotea, na fundi maskini hana fedha ya kupoteza.

Dawa ya zamani ya jambo hili ni puli ya ngazi. Ukifunua kifuniko cha juu cha keekee utaona puli mbili zilizofanana na ngazi za duara, moja juu ya mota na nyingine juu ya mti wa keekee, nazo zimekaa kinyume: palipo na duara dogo huku, pana duara kubwa kule. Tuseme puli ya mota ina vipenyo vya inchi 2, 3, 4 na 5, na ile ya pili ina inchi 5, 4, 3 na 2. Mkanda ukikaa katika ngazi ya kwanza, mota izungukayo mara 1,440 itaizungusha keekee mara 576. Katika ngazi ya pili itakuwa 1,080. Katika ya tatu 1,920. Na katika ya nne 3,600. Mota ni ile ile, mkanda ni ule ule, lakini fundi ana mashine nne. Tena atazame: 2 na 5 ni 7, 3 na 4 ni 7. Jumla ya vipenyo haibadiliki, na ndiyo sababu mkanda mmoja huzitosha ngazi zote bila kulegea wala kukaza kupita kiasi.

Desturi hii haikuanzia Kariobangi. Katika viwanda vya Uingereza na Marekani vya karne ya 19, injini moja ya mvuke, au gurudumu moja la maji, ilizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya dari, na kutoka kwenye shafti ile iliteremka mikanda ya ngozi, kila mmoja kwa mashine yake. Mashine haikuzimwa kwa kusimamisha injini, maana mamia ya watu wangekaa bure. Mfanyakazi alisukuma mkanda kutoka puli iliyofungwa hata puli huru iliyozunguka yenyewe, na mashine ikasimama. Akitaka mashine izunguke kinyume, mkanda ulipindwa ukawa kama tarakimu ya 8. Na mafundi wale waligundua jambo ambalo mtu asiyeliona haliamini: puli ya mkanda bapa ikifanywa nene kidogo katikati, mkanda hauteremki pembeni, bali hupanda wenyewe na kukaa pale palipoinuka.

Mwaka 1917, John Gates wa mji wa Denver, Marekani, alitoa mkanda wa mpira wenye umbo la herufi V. Huu ndio mkanda unaotawala Kariobangi leo. Hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojisokomeza katika mfereji wa puli. Kwa hiyo ukiona mkanda wa V umefika chini kabisa na kugusa sakafu ya mfereji, jua kwamba mkanda au puli imekwisha, na kukaza hakutasaidia.

Siku niliyotembea huko alifika mama mmoja kutoka shamba, ametumwa na kikundi cha wanawake wenzake. Ndani ya kiondo alikuwa na puli ndogo ya kinu cha nyundo, yenye kipenyo cha inchi 5, na kamba yenye fundo mbili iliyopimiwa puli kubwa ya injini.

"Fundi," akasema baada ya kusalimiana, "nataka unisubie puli kubwa kama kamba hii. Ile ya zamani tuliiuza pamoja na injini. Sasa umeme umefika kwetu, na tumenunua mota."

Fundi alikuwa mtu wa makamo. Akaipima kamba, akapata inchi 24. "Mama, injini yenu ilikuwa ipi?"

"Ilikuwa Lister, ile ya mlio wa pole pole."

"Na mota imeandikwa mizunguko mingapi?"

Yule mama akatoa karatasi: 1,440. Fundi hakujibu kwa maneno. Akachukua chaki akaandika juu ya bati. Injini za Lister za namna ile, zilizokuwa zikitengenezwa Dursley katika Uingereza, huzunguka mara 650 kwa dakika. Mara 650 kwa inchi 24 ni 15,600. Gawanya kwa inchi 5 za puli ya kinu, unapata 3,120. Huo ndio mwendo kinu kile kilichouzoea. Kisha akaandika hesabu ya pili: mara 1,440 kwa inchi 24, gawanya kwa 5, ni 6,912.

"Mama," akasema, "nikikusubia puli hii nitakula fedha yako leo, na kesho nyundo za kinu zitapasua bati na kutoka nje. Wanaosimama mlangoni kungoja unga ni akina nani?"

"Ni watoto," akajibu yule mama, na sauti yake ikashuka.

Hakuwa akimtisha bure. Nguvu inayovuta nyundo kutoka katikati haiongezeki sawasawa na mwendo tu, bali kwa mwendo mara mwendo: ukizidisha mwendo mara 2, nguvu ile huwa mara 4. Kutoka 3,120 mpaka 6,912 ni zaidi kidogo ya mara 2, na nguvu ya kuzitoa nyundo ingekaribia mara 5. Mota nayo ingeelemewa mpaka iungue. Ndipo fundi akaandika hesabu ya tatu: 15,600 gawanya kwa 1,440, yaani inchi 11 kasoro kidogo. Puli hiyo ilihitaji aluminiamu chache kuliko ile ya inchi 24, na bei yake ilikuwa ndogo. Fundi alipata fedha haba siku ile, lakini alilinda mali ya kikundi kizima, na pengine uhai wa mtoto.

Hapana budi pia kutaja puli zinazobadili kipenyo zenyewe, maana watu wengi wamezipanda bila kuzijua. Puli ya namna hii ina sahani mbili zenye mwinamo, zinazotazamana. Sahani zikikaribiana, mkanda husukumwa nje, na puli huwa kama kubwa. Zikiachana, mkanda huzama ndani, na puli huwa kama ndogo. Ukiwa na mbili za namna hiyo, moja ikifunguka wakati nyingine inafunga, unaweza kubadili mwendo kidogo kidogo bila kuzima mashine wala kuhamisha mkanda. Milton Reeves wa Columbus, katika jimbo la Indiana la Marekani, alikuwa miongoni mwa waliozieneza puli hizi katika viwanda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha motokaa ndogo iliyoendeshwa kwa mikanda ya namna hiyo. Haikuwa na gia za kubadili, na iliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Skuta nyingi zisizo na gia hutumia desturi hiyo hiyo.

Siku hizi kuna pia kifaa cha umeme kinachobadili mwendo wa mota kwa kubadili umeme wenyewe. Ni kifaa kizuri, lakini kisidharaulishe puli. Ukipunguza mwendo kwa puli, nguvu ya kusokota huongezeka kwenye mti wa mashine; ukipunguza kwa kifaa kile, nguvu ya kusokota haiongezeki, na feni iliyo juu ya mota huzunguka pole, hata mota yaweza kupata joto mno. Fundi mwenye busara huweka puli kwanza kwa kazi nzito, kisha hutumia kifaa kwa kurekebisha kidogo.

Jambo moja halipendezi katika safari hii. Si kila mkanda una kinga. Mkanda uendao mbio hauonekani kuwa ni hatari, maana huonekana kama umesimama. Lakini hushika shuka, tai, mkono wa koti au kitambaa cha kichwani, na ukishika hauachi. Wavu wa chuma au bati lililokunjwa laweza kutengenezwa hapo hapo kwa muda mfupi. Vilevile mkanda usihamishwe kutoka ngazi moja hata nyingine mota ikiwa inazunguka, na jiwe la kunolea lisifungwe katika mashine yenye mwendo uliozidi ule ulioandikwa juu ya jiwe lenyewe.

Basi msomaji aliye na kinu, au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na afanye jambo hili kabla ya kununua injini nyingine au kubadili puli. Asome kibao cha injini na kuandika mizunguko yake. Apime vipenyo vya puli zote mbili. Azidishe mizunguko kwa kipenyo cha puli ya injini, kisha agawanye kwa kipenyo cha puli ya mashine. Jibu aliandike kwa rangi juu ya ukuta wa kinu, ili hata mtoto wake atakayeirithi kazi ile alijue. Mkanda huteleza kidogo, kwa hiyo mwendo wa kweli utapungua kidogo kuliko hesabu, lakini hesabu hiyo yatosha kumwonya.

Wazee walisema simba mwendapole ndiye mla nyama. Mashine nayo ina mwendo wake unaoipa nyama. Mwenye kuujua hula, na asiyeujua huliwa.