Kabla Mzigo Haujaondoka

Iowa ni jimbo lililojaa mitambo ya umeme wa upepo, na kila bawa la mtambo lilifika shambani kwa lori. Bawa moja linaweza kuzidi mita 50, yaani mabasi manne makubwa yaliyofuatana mkiani. Mzigo wa namna hiyo hauachwi uende peke yake. Mbele hutangulia gari dogo lenye taa za njano na bango la kuonya, na kwa miaka kadhaa sasa mkate wangu, hapa Des Moines, unatokana na kuendesha gari hilo la mbele. Mzigo ukiwa na kimo kikubwa, nasimika ufito wa plastiki kwenye bampa, uliozidi kimo cha mzigo kwa inchi kadhaa. Ufito ukigonga chuma cha daraja, namwita dereva wa lori kwenye redio asimame.

Nimekulia kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambako malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, kwa hiyo sikuja huku nikiwa mgeni wa magari makubwa. Kilichonishangaza ni kibali. Kibali ninachosafiri nacho kinaeleza safari yenyewe: ingia barabara hii, toka kwenye njia ya kuchepuka namba fulani, kwepa daraja lile, usitembee giza likiingia, simama upepo ukizidi. Nikikosa kona moja, nipo nje ya kibali hata kama mzigo wangu haujaongezeka hata kilo. Na hakitolewi kwa kila anayetaka. Kwenye barabara kuu za kitaifa, uzito wa ziada huruhusiwa kwa mzigo usiogawanyika, na sheria imefafanua hata hilo: mzigo ambao kuufungua vipande kungechukua zaidi ya saa 8 za kazi kwa vifaa vinavyofaa. Mwenye mchanga au mahindi hana la kuomba. Apunguze.

Gari la kawaida lina mipaka yake pia. Upana usizidi mita 2.6. Uzito wote usizidi pauni 80,000, yaani tani 36 na ushei, na ekseli moja isibebe zaidi ya pauni 20,000, kama tani 9. Kimo kimeachiwa majimbo, na hapo ndipo kichwa huuma. Nebraska inaruhusu futi 14 na inchi 6. Iowa inaruhusu futi 13 na inchi 6. Kati yao upo Mto Missouri tu. Lori lenye kimo cha futi 14 likiondoka Omaha ni halali, likimaliza daraja limevunja sheria. Mzigo mkubwa unaovuka majimbo matano kwa kawaida unahitaji vibali vitano, kila kimoja na masharti yake.

Katika jambo hili nyumbani tumewapita, na inafaa tuliseme kwa sauti. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo kimoja cha tani 56 kwa nchi wanachama, na Zambia nayo inatumia tani hizo hizo. Dereva anayetoka bandarini Dar es Salaam hapangi mzigo upya kwa sababu tu amevuka mpaka wa Tunduma.

Wenzangu wa huku wakisikia tani 56 hushtuka: inakuwaje nchi yenye barabara chache iruhusu lori zito kuliko Marekani? Jibu liko kwenye ekseli. Tani 56 zinataka lori lenye ekseli saba, na lami husikia uzito wa kila ekseli inapopita, haisikii jumla iliyoandikwa kwenye karatasi. Jambo hili lilipimwa karibu na mji wa Ottawa, jimboni Illinois, kati ya 1958 na 1960. Malori yalizungushwa mfululizo kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa ajili ya kuharibiwa, pale pale ilipokuja kupita barabara kuu ya I-80, ambayo mimi huipita nikielekea Chicago. Kanuni iliyotokana na jaribio lile inasema uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukiongeza uzito mara mbili, uharibifu unakuwa takriban mara 16. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 11, lami inaumia karibu mara moja na nusu.

Sasa turudi nyumbani, Oktoba 2013. Waziri wa Ujenzi wakati huo, John Magufuli, alifuta nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwenye mizani. Wasafirishaji waligoma, malori yakarundikana, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha nafuu ile. Wengi tulisema asilimia 5 ni kitu gani. Kwa kanuni ya Ottawa, ekseli iliyozidi kwa asilimia 5 inaongeza uharibifu kwa zaidi ya moja ya tano. Sitetei namna agizo lilivyotolewa ghafla, lakini hesabu ilikuwa upande wa barabara.

Miezi minne na ushei kabla ya mgomo huo, Marekani nayo ilipata somo lake. Tarehe 23 Mei 2013, jimboni Washington, lori lenye kibali, likitanguliwa na gari lenye ufito kama langu, liligonga vyuma vya juu vya daraja la Mto Skagit kwenye barabara kuu ya I-5. Sehemu ya daraja hilo la mwaka 1955 ilianguka mtoni. Magari mawili yakatumbukia, na watu watatu waliokuwamo wakaokolewa wakiwa hai. Vyuma vya daraja vilikuwa na umbo la upinde, juu katikati na chini pembeni, na lori lilikuwa njia ya kulia. Lingeshika njia ya kushoto, lingepita. Kibali kilitolewa bila ofisi kulinganisha kimo cha mzigo na kimo cha daraja. Kazi hiyo aliachiwa msafirishaji. Kila nikisimika ufito nawaza wale watatu.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia ndugu zangu kwamba vibali vya huku vinatosha. Ninachoweza kusema ni kwamba maswali mengi huulizwa lori likiwa bado uani, na hilo linawezekana hata bila fedha nyingi. Chukua mizani. Pale Walcott, Iowa, kuna kituo kikubwa sana cha malori, na mji huo huo ndio makao ya kampuni ya CAT Scale, yenye mizani za kulipia vituoni kote nchini. Dereva anapanda, anapewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli, na uzito ukizidi anasogeza magurudumu ya tela au anarudi alikopakia. Akipigwa faini kwenye mizani ya serikali ilhali karatasi ile ilisema yuko sawa, kampuni hulipa faini au husimama naye mahakamani.

Nyumbani mizani ya Vigwaza hupima lori likiwa kwenye mwendo, na hiyo ni hatua kubwa. Ila lori lililozidi huwa limeshaikanyaga lami toka lilikopakia. Dereva na utingo ndio wanaolala pale wakipanga upya mzigo, kwa joto na bila choo cha karibu, wakati aliyewaagiza wajaze zaidi yuko kwake amelala. Ningeanzia sokoni Kibaigwa, ambako mahindi hupakiwa, na Mafinga, ambako mbao hupakiwa: mizani ya ekseli ya kulipia, wazi usiku na mchana, na karatasi yake isainiwe na mwenye mzigo kabla dereva hajawasha gari. Kwa mizigo mikubwa ya migodini, kimo cha kila daraja na cha kila waya wa umeme unaokatiza njia ya Tunduma kipimwe, kiandikwe, na kiambatishwe kwenye kibali. Mtu mmoja mwenye gari dogo na ufito angeweza kuifanya kazi hiyo, na najua namna ya kumfundisha.