Riwaya Zenye Penseli

Ukitaka kujua ni riwaya gani ya Kiswahili imetolewa kwenye silabasi, huhitaji kuuliza mwalimu. Pita Tom Mboya jioni uangalie vitabu vilivyotandazwa chini. Kidagaa Kimemwozea ilipokuja, Utengano ilimwagika huko. Chozi la Heri ikaiondoa Kidagaa, kisha Nguu za Jadi ikaiondoa Chozi la Heri. Kitabu ambacho mzazi alikikopea pesa mwezi wa kwanza kinakuwa cha mia, na ukiongea vizuri, hamsini.

Hapo ndipo mimi hununua. Nina riwaya sitini na tatu za Kiswahili kwenye keja, na nyingi zilikuwa za watahiniwa. Wakusanyaji wengine husifu nakala safi, isiyokunjwa hata sikio. Mimi napenda zilizochafuliwa. Siku Njema yangu, ya Ken Walibora, ina mstari chini ya kila methali hadi katikati, halafu mwenyewe akachoka. Kurasa zinazofuata ni nyeupe kabisa. Lakini mbele huko, Kongowea akiwa bado anamtafuta baba, kuna neno moja tu la penseli pembeni: “pole.” Hakuna mtihani unaouliza hilo.

Kidagaa nayo imepitia mikono miwili. Pale inapojulikana kwamba Mwalimu Majisifu aliiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake, mmoja ameandika kwa penseli, “Si huyu ni mwizi tu!” Chini yake mwingine, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa kulala: “Maudhui – ufisadi.” Wote wawili wamesema kitu kilekile, ila ni mmoja tu aliyekasirika.

Mimi ni wa kizazi cha Kidagaa. Tulifunzwa kuipasua riwaya kama mbuzi wa sherehe: maudhui huku, wahusika kule, mbinu za lugha kwenye sufuria yake. Kuna wenzangu waliopita vizuri sana bila kuisoma yote, mwongozo uliwatosha. Siwalaumu. Hata silabasi siilaumu sana, maana mtoto wa Kayole angekutana wapi na Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, riwaya ya 1980 iliyotoka kwa mtu wa Zanzibar, kama hangelazimishwa? Kinachoniuma ni kwamba tukishajibu maswali tunaona kitabu kimeisha kazi. Na kile ambacho hakijatahiniwa siku za karibuni hata huko chini hakifiki. Nimeitafuta Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, kwa miaka miwili: mtu anahukumiwa kifo, anarushwa kwenye chombo, anatua kwenye nchi yenye haki. Mkangi mwenyewe alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, kwa hivyo nchi kama hiyo alikuwa na sababu ya kuiota. Bado sijaipata. Nagona ya Kezilahabi niliipata kwa bahati, imebanwa kati ya vitabu viwili vya kemia. Ni nyembamba, muuzaji alidhani ni kijitabu cha dini, akaniambia toa thelathini. (Nilitoa haraka kabla hajaifungua.)

Mzee ninayenunua kwake huniita “mteja.” Juzi nilimkuta na gunia zima la Chozi la Heri. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Akasema kuna mama wa njugu anachukua kwa kilo, karatasi yake ni nzuri ya kukunjia. Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka njugu za kumi nilizowahi kununua stejini, nikafungua ile karatasi na kukuta mazungumzo ya watu wawili yamekatwa katikati. Niliisoma mara mbili ndani ya matatu, na mpaka leo sijui ni riwaya gani.

Mfukoni nilikuwa na elfu moja na mia mbili, pesa ya makala niliyoisubiri wiki sita, na kodi ilikuwa haijakamilika. Nikachuchumaa, nikafungua moja moja, nikatenga zenye maandishi. Zikawa kumi na nne. Mzee akaniuliza, “Mteja, mbona unaacha safi unachukua zimechorwa?” Nikamwambia hizo safi mama wa njugu atazipenda zaidi. Akanitoza mia saba, akanipa na kamba ya kufungia.

Siz aliziona kitandani akaniambia kuna watu hukusanya vitu vyenye faida. Siwezi kumbishia.

Tano nimeshagawa hapa kwenye ploti. Jirani anayepika chapo alichukua yake akisema ni ya kumlaza usingizi. Jana usiku, saa nne na nusu, alinigongea mlango akitaka kujua kama yule Mwangeka wa Ridhaa atarudi nyumbani, na akirudi atapata nini kwenye majivu yale. Nimekataa kumwambia.