Muulize Amejuaje: Barua kwa Mpwa Wangu Zuhura

Tanga

Mpwa wangu Zuhura,

Bibi yako goti limepoa, sasa anatoka mwenyewe kwenda kuanika mihogo. Mama yako alinipigia kunieleza kwamba redio wamekukabidhi kipindi cha mazungumzo na wasomi walioandika vitabu vya sayansi, teknolojia, utamaduni na jamii. Nimefurahi mno, mwanangu. Akaniambia pia kwamba usingizi huupati, maana wageni wako ni maprofesa nawe una stashahada. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unajua mimi ujana wangu ulipita Gerezani, Dar es Salaam, kwenye gereji. Baada ya Vita vya Kagera, vile vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa hazionekani. Gari likija na gasketi iliyokufa, tulijitengenezea. Unatandaza karatasi ngumu juu ya chuma, unagonga polepole kwa ule upande wa nyundo ulio mviringo, mpaka ukingo wa chuma wenyewe uikate karatasi.

Watafiti walikuwa wakipita pale. Mmoja alikuja na fomu. Akaniuliza umri, darasa nililoishia na kipato changu, akashukuru, akaenda zake. Mwingine alikaa juu ya tairi akitazama mikono yangu, kisha akauliza, "Fundi, mbona umeanza na matundu ya bolti kabla ya kukata pembeni?" Nikamjibu kwamba bolti mbili zikishapita karatasi haihami tena, ukianza pembeni itakuteleza na kazi yote imeharibika. Akauliza nani alinifundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Mafundi wenzangu wakaweka spana chini, kila mmoja akaja na lake, mazungumzo yakaenda hadi adhuhuri. Yule wa fomu aliondoka na umri wangu. Huyu aliondoka na elimu yangu. Nilipenda kuulizwa vile, na naamini hata profesa hupenda kuulizwa vile kuhusu kazi yake.

Basi chagua vitabu ambavyo wasikilizaji wako wana la kusema juu yake. Mwaka 2021 mwanahistoria Joshua Grace alitoa African Motors, historia ya magari Tanzania. Ili akiandike, alijifunza kazi kama mwanagenzi katika gereji za Dar es Salaam, akakusanya masimulizi mamia kwa mamia. Hoja yake ni kwamba gari halikuletwa huku likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Madereva, mafundi na abiria waliliunda upya likawa letu. Kenda Mutongi, mwanahistoria kutoka Kenya, aliandika Matatu, kilichotoka 2017, kuhusu biashara hiyo ya usafiri ambayo Rais Kenyatta aliihalalisha 1973 na ikaja kuibeba Nairobi nzima. Humo utaona kwamba ukizungumzia magari umeshazungumzia nauli, polisi, muziki, vijana na siasa. Teknolojia haikai peke yake, Zuhura. Mgeni akikueleza chombo, muulize kina nani wanakitumia, nani ananufaika na nani anaumia.

Na woga wako uutulize kwa kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, huku kwetu Lushoto. Alitia friji maziwa ya aiskrimu yangali ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipouliza kwa nini, hakuaminiwa. Miaka ikapita, yuko Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lile lile, darasa likamcheka. Osborne alidhani kijana amekosea, lakini hakulitupa swali. Aliporudi chuoni akaagiza lipimwe, na 1969 wakachapisha makala yenye majina yao wote wawili. Wanafizikia wanalijadili hadi leo. 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema wao hawakuliona jambo hilo. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja anathubutu kuuliza, mwingine anakubali kupima, na wa tatu ana haki ya kupima tena.

Sasa nisikilize. Kwanza, kitabu ukisome chote, hata yale maandishi madogo ya mwisho, kwa kuwa ndimo mwandishi anamotaja alizungumza na nani na alipekua nyaraka zipi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usikubali kuingia studio na muhtasari wa jalada la nyuma.

Pili, katika kila mazungumzo uliza, "Umejuaje?" Liulize kwa adabu na kwa sauti ya kutaka kujua, kisha nyamaza umpe nafasi. Ukishajibiwa, uliza nani hakubaliani naye, na kwa nini. Msomi wa kweli atachangamka. Akikasirika, wewe usikasirike, msikilizaji ameshasikia.

Tatu, mgeni akitumia neno zito, mwombe alieleze mpaka mama muuza samaki wa soko la Feri alielewe, maana naye ana redio. Usione haya kuomba. Heshima mpe mgeni wako yote, lakini woga usimpe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mwisho, kitabu kikizungumzia wavuvi, wapelekee wavuvi kipindi wakisikilize, nao urekodi majibu yao. Wenye maisha hayo wasibaki kuwa mifano tu ndani ya vitabu vya watu. Katika hili sitaki udhuru, mwanangu. Hata bosi wako akisema muda hautoshi, tafuta muda.

Kipindi cha kwanza kikishapangiwa siku, nitumie jina la kitabu mapema nami nikitafute. Nitasikiliza, na nitakupigia kukwambia swali gani hukuuliza.

Mungu akulinde na akufungulie ulimi.

Mjomba wako akupendaye,
Mjomba Salim