Usiutie Mekoni Mti Usioujua Jina

Nairobi ni jiji la miti. Oktoba ikiwadia, mijakaranda ya katikati ya jiji huangusha maua ya zambarau hata lami ikafanana na zulia la harusini. Lakini mvua ya upepo ikipiga, au tingatinga la kupanua barabara likipita, miti huanguka. Kabla ya jua kutua, mikokoteni huwa imeshabeba magogo kuelekea Kangemi na Kawangware, yakachemshie githeri na kuchomea nyama. Mengine huishia Lavington na Karen, katika meko ya sebuleni, watu waote moto baridi ya Julai inapouma. Swali ambalo wachache huuliza ni hili: gogo hilo ni la mti gani?

Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kuuliza ni kinga.

Mahali pema pa kuanzia masomo ni Arboretum, kilomita 3 hivi kutoka katikati ya jiji. Wengi huijua bustani hii ya hekta 30 hivi kama mahali pa kupunga hewa Jumapili. Kumbe ilianzishwa mwaka wa 1907 kwa ajili ya kuni! Treni za Reli ya Uganda zilikuwa zikila kuni mchana na usiku, na misitu iliyoizunguka Nairobi ikawa inakwisha. Serikali ya kikoloni ikaamua kujaribu miti ya kigeni, ione ipi itamea haraka. Mkaratusi, ambao wengi tunauita blugamu, ulikuwa umeshaletwa nchini mwaka wa 1902 kwa haja iyo hiyo. Treni za kuni zimepita, lakini miti ingalipo, na mingi ina vibao vya majina. Mzazi mwenye watoto wa shule hana darasa zuri kuliko hili.

Mti hutambuliwa kwa majani, maua, matunda, gome, harufu na utomvu. Jani la mkaratusi ni refu, na ukilifikicha hunuka kama dawa ya mafua. La mgrevilea limechanikachanika, na upande wa chini hung'aa kama fedha. Mukinduri nao una jani zima lisilochanika, kijani juu na rangi ya fedha chini. Muwati una vijani vidogo vidogo kama manyoya ya ndege, na gome lake hutengenezea ngozi. Muwati na mkaratusi huwaka kwa moto mkali. Mgrevilea ni wa wastani. Na usidanganywe na jina: Nandi Flame, ule mti wa maua mekundu kama ndimi za moto, ni miongoni mwa miti migumu kabisa kushika moto.

Taabu ni kwamba gogo likifika nyumbani halina jani hata moja. Basi muulize aliyelikata, au rudi penye kisiki utafute tawi. Chukua kitawi chenye majani pamoja na ua au tunda, ukibane katikati ya kurasa za gazeti kuukuu hadi kikauke. Andika mahali ulipokitoa, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua na ya utomvu, kwa maana rangi hupotea. Kisha panda nacho hadi Museum Hill, kwenye Makavazi ya Kitaifa. Hapo pana hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka wa 1950, yenye vielelezo zaidi ya milioni moja vilivyokaushwa. Wataalamu wake hulinganisha kitawi chako na vyao, wakakupa jina.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu baadhi ya miti ya Nairobi ni sumu. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, hupandwa kwa urembo, lakini kila sehemu yake ina sumu na moshi wake pia ni hatari. Msunguti, wenye majani mazito yanayong'aa na maua meupe yenye harufu tamu, ndio ambao Wakamba walitolea sumu ya mishale. Usichome mishikaki kwa vijiti vyake. Mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria, hufanywa ua wa boma. Maziwa yake yakimrukia mtoto jichoni, yanaweza kumpofusha. Mwoshe kwa maji mengi safi na umkimbize hospitalini.

Ukishajua kwamba mti ni salama, usiwe na pupa. Haraka haraka haina baraka. Karibu nusu ya uzito wa gogo bichi ni maji, na maji hayo sharti yachemke yatoke kabla ya moto kukupa joto. Matokeo yake ni moshi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020.

Kata vipande vya futi moja au moja na nusu. Pasua kwa shoka na kabari mapema, hasa mkaratusi, kwani ukikauka hushupaa. Panga kuni juu ya mawe zisiguse udongo wala kualika mchwa. Funika juu kwa bati, pande uziache wazi upepo upite. Ngoja miezi sita hivi. Aliyepasua Juni, baada ya mvua za masika, atamaliziwa kazi na jua la Januari. Kuni zilizokomaa hupasuka nyufa kwenye ncha, gome hubanduka, na ukizigonganisha hulia mlio mkavu.

Lakini si kila mti ni kuni. Pale Westlands, kandokando ya Waiyaki Way, umesimama mugumo unaosemekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Mnamo Novemba 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti huo ulikuwa ung'olewe. Wananchi wakalalama, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Hayati Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 2004, alisimulia kuwa utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu.

Mama huyo angewezaje kumkataza mwanawe, kama yeye mwenyewe hangeujua mti ule kwa jina? Jumapili ijayo, mzazi, washike watoto mkono muende Arboretum mkasome vibao.