UKIMUONA ALIYEFULIA KWA KUBETI, USIMCHEKE

Leo sina umbea wa msanii wala nani kaachana na nani. Leo naongelea watu wetu wa kubeti, maana hapa Mwanza hili jambo limeshaingia karibu kila nyumba.

Kitaa kwetu Kirumba kuna kaka mmoja, jina naliacha. Kazi yake dagaa, pale Mwaloni. Mchapakazi, mtu wa watu, ana mke na watoto wawili. Alianza na jero tu, anatandika mkeka wa timu 10. Siku moja timu 9 zikampa, moja ikamchania mkeka dakika za mwisho. Wengi tunadhani kinachomnasa mtu ni kushinda. Kumbe hata kukosa kwa timu moja kunanasa, kwa sababu kichwa kinasema "nilikaribia", hakisemi "nimeliwa". Na ukipiga hesabu, hata kama kila timu ina nafasi 7 kati ya 10 za kushinda, zote 10 kukupa kwa pamoja haifiki mara 3 katika mikeka 100.

Ikaenda ada ya mtoto, ikaenda pikipiki, mwisho ikaenda hela ya kikoba cha shemeji. Mtaa ukambatiza jina, "Mkeka". Akipita, watoto wanaliita kwa sauti. Kijiweni wanamwambia mwanaume gani huna akili.

Sasa tuelewane. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zake ni kwamba mtu anashindwa kujizuia, kamari inatangulia mambo yake yote, na anaendelea hata akiona inamuharibia. Huyo sio mjinga, huyo anaumwa.

Na huku ziwani mazingira yenyewe yanavuta. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, watu wanakaa na hela mfukoni na simu mkononi. Tena mtu wa ziwani kazoea kusubiri bahati, leo mtumbwi mtupu, kesho umejaa. Tofauti ni kwamba ziwa halikutumii meseji saa sita usiku kukuita.

Jioni moja nikamkuta huyo kaka kakaa juu ya mawe, peke yake. Nikamwamkia. Hakuitikia, akasema, "Mdogo wangu, hili ziwa halina mlango. Mtu anaingia tu."

Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza moja kwa moja, "Kaka, unawaza kujiua?" Akalia. Akaniambia ni muda mrefu hakuna mtu aliyemuuliza kitu kingine zaidi ya deni. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Kila wakinitukana, naona dawa ni nishinde kubwa mara moja, niwanyamazishe wote."

Umeona hapo? Matusi yetu ndiyo yanamrudisha kwenye mkeka. Sisi tunadhani tunamfundisha, kumbe tunamuongezea sababu.

Usiku ule hakuachwa peke yake, shemeji na kaka yake mkubwa walikuja. Baada ya hapo akaenda hospitali kuonana na watu wa afya ya akili. Hospitali zetu kubwa wanayo hiyo huduma, Bugando ikiwemo. Kwenda huko sio kuwa chizi.

Lakini wadau, huruma sio kumkopesha. Ukimpa hela mkononi unamtesa. Watoto wana njaa? Peleka unga. Ada? Kalipe shuleni mwenyewe. Laini yake ya simu yenye hela anaishika shemeji, na yeye mwenyewe ndiye aliyekubali. Washkaji wake wa kijiweni tuliwaomba kitu kimoja tu, wasimtumie mikeka na wasimuite lile jina. Wengine walicheka, wengine wakaelewa.

Na shemeji tusimsahau. Kikoba kilikuwa jasho lake, ana haki ya kukasirika. Kumuelewa mgonjwa sio kumwambia mkewe avumilie tu. Yeye naye anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Sitawadanganya kwamba kapona. Juzi kati kaka alibeti elfu 10, zote zikaliwa. Ila safari hii hakuficha wala hakwenda kwenye mawe. Alikuja nyumbani jioni ileile, akakaa, akasema mwenyewe, "Nimerudia." Shemeji hakumjibu kitu. Akampakulia ugali, na kesho yake akamsindikiza tena hospitali.