Bongo wa Mlima Kenya: Amana Iliyorejea Kwao

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea kaskazini huuacha mji wa Thika nyuma yake, akavuka mto Sagana, akapita Karatina na Naro Moru, na baada ya takribani kilomita 200 akaingia Nanyuki, mji uliokaa juu ya mstari wa Ikweta. Kando ya barabara lipo bango linalowajulisha wapita njia kwamba hapo mtu aweza kuweka mguu mmoja kaskazini ya dunia na wa pili kusini. Watalii husimama wakapiga picha. Wenyeji wamekwishalizoea, wao hutazama juu zaidi, ulipo Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199, wapate kujua kama mawingu yatashuka na mvua au yatapita.

Ikweta na baridi ni mambo mawili ambayo mtu wa pwani hayaweki pamoja. Tulikuwa familia iliyotoka Mombasa, na watoto walioshuka garini wakiwa na kanzu nyepesi walirudi mbio kutafuta masweta. Tuliswali Adhuhuri mjini, kisha tukapanda kuelekea kwenye miteremko ya mlima, mahali ukingo wa msitu unapokutana na mashamba. Hapo ipo hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy, iliyoanzishwa mwaka 1967 ikiwa ranchi ya wanyamapori, na miongoni mwa waasisi wake ni William Holden, mwigizaji mashuhuri wa filamu wa Marekani, na mwenziwe Don Hunt. Kipo ndani yake kituo cha kulelea wanyama yatima, nacho ndicho kinachowavuta watoto. Lakini sisi tulikuwa tumemfuata mnyama mmoja, naye ni bongo wa mlimani.

Msomaji wa Dar es Salaam asicheke kwa kusikia jina hilo. Bongo huyu si mji wala si akili za kichwani. Ni mnyama mwenye kwato mbili, anayecheua, jamaa wa tandala, pofu na pongo. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyokolea, nayo imekatwa kwa mistari myeupe ishukayo kutoka mgongoni hadi tumboni, kama kwamba fundi amekaa na brashi akaichora mmoja mmoja. Dume na jike wote wana pembe zilizojisokota. Dume aliyekomaa aweza kupita kilo 300, na hata hivyo hupenya kichakani kimya kimya, pembe akizilaza mgongoni zisinaswe na matawi. Masikio yake ni mapana mno, kwa kuwa katika msitu mzito sikio lina faida kuliko jicho.

Tulisimama mbele ya ua, naye alikuwa kivulini akitafuna. Binti yetu mdogo alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia baba yake: “Baba, kwani huyu amekosa nini hata akafungwa?”

Swali hilo halistahili kupuuzwa. Dini yetu imetufundisha kuwa mnyama ana haki, na kila mtoto wa madrasa amesikia habari ya mwanamke aliyemfungia paka pasi na kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Anayemzuia kiumbe asiende atakapo amejitwika dhima yake. Kwa hiyo yafaa tuulize: ni kwa sababu gani mnyama huyu wa msituni yumo ndani ya ua, na je, haki yake inatimizwa?

Bongo wa mlimani hapatikani porini popote duniani isipokuwa Kenya. Zamani alienea katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Eburu na Cherangani. Mwishoni mwa karne ya 19 tauni ya ng’ombe iliwafyeka wanyama wengi wa kwato Afrika Mashariki. Baadaye zikaja bunduki, mbwa wa kuwindia, mitego ya nyaya na mashoka ya wakata miti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini mtego wa waya hausomi sheria. Katika Mlima Kenya wenyewe bongo wa mwituni walikaribia kutoweka. Leo waliobaki porini nchini kote hawafiki 100, nao wamegawanyika katika makundi madogo yasiyofikiana.

Sasa tazama namna Mwenyezi Mungu anavyojaalia mambo. Katika miaka ya 1960 na 1970, makumi kadhaa ya bongo walinaswa katika milima hii wakasafirishwa hadi bustani za wanyama za Marekani na Ulaya. Walipelekwa ili watu wawatazame. Hakuna aliyejua kwamba siku moja kizazi chao kingekuwa kikubwa kuliko kile kilichobaki nyumbani. Leo bongo wa mlimani waliomo katika bustani hizo ni wengi kuliko waliomo msituni.

Kumlea bongo si kazi nyepesi. Ni mnyama mwoga. Akishtushwa ghafla huweza kujibamiza kwenye ua akavunjika shingo. Kwa hiyo boma lake huwekewa kivuli, vichaka na pembe za kujifichia, na wageni hawaruhusiwi kumzunguka pande zote. Chakula chake ni majani ya miti na vichaka, pamoja na majani makavu ya lusini. Nafaka nyingi humharibu tumbo. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa, akazaa ndama mmoja. Siku za mwanzo ndama hulala mafichoni, na mama humwendea kumnyonyesha, kisha huondoka ili harufu yake isimvute adui. Mlezi mwenye busara huiheshimu desturi hiyo, akajizuia kumshika ndama kila saa.

Lililotushangaza zaidi ni habari ya nasaba. Kwa kuwa bongo wote wa bustanini wametokana na wazee wachache, hatari yao kubwa ni kuzaliana ndugu kwa ndugu hadi damu ikadhoofika. Basi kila mnyama ameandikwa katika daftari: namba yake, baba yake, mama yake, alikozaliwa na aliko sasa. Wataalamu hulipitia daftari hilo na kuamua dume gani apelekwe kwa jike gani, hata ikibidi avushwe kutoka nchi moja hadi nyingine. Bibi mmoja tuliyekuwa naye katika msafara alisikiliza maelezo hayo, akasema, “Kumbe hata wanyama huulizwa ukoo kabla ya posa.” Sote tulicheka, lakini kauli yake ilikuwa sahihi.

Mwaka 2004, bongo 18 waliozaliwa katika bustani za Marekani walirejeshwa kwa ndege hadi hifadhi hii ya Nanyuki. Hawakufunguliwa siku ile ile. Mnyama aliyezaliwa mbali na milima hii hajawahi kumwona chui, haijui mimea ya mlimani, na damu yake haina kinga dhidi ya maradhi yanayoenezwa na kupe wetu, ya jamii ya ndigana. Watoto na wajukuu wao, waliozaliwa hapa kwenye hewa na kupe wa hapa, ndio walioandaliwa. Hatua kwa hatua wanaochaguliwa huzoeshwa malisho ya asili na kutengwa na watu, kwa maana bongo asiyemwogopa binadamu hataishi siku nyingi msituni.

Machi 2022, bongo watano waliingizwa katika eneo la msitu wa asili lenye ekari 776, liitwalo Mawingu, na aliyeongoza shughuli hiyo ni Najib Balala, aliyekuwa waziri wa utalii. Nayo Februari 2025 wakawasili bongo wengine 17 kutoka Florida, wakapelekwa Kaunti ya Meru, upande mwingine wa mlima huu. Hifadhi ya Nanyuki peke yake sasa inalea takribani wanyama 100.

Pengine mtu atasema: kwa nini wasilelewe wote hapa, pa kwao, pasipo haja ya bustani za ng’ambo? Jibu limeandikwa kwa damu katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Huko Epulu kilikuwako kituo cha kulea okapi, mnyama mwingine wa kwato wa msituni, ambaye porini hapatikani nje ya Kongo. Juni 2012 wawindaji haramu wenye silaha walikivamia kituo hicho, wakaua watu, wakiwamo walinzi wa msitu, na okapi wote 14 waliokuwamo wakaangamia. Lau kusingalikuwa na okapi wengine katika bustani za mbali, kizazi kizima cha wanyama waliofugwa kingalikwisha siku hiyo. Mwenye busara haweki akiba yake yote katika kibubu kimoja.

Hata hivyo, ua una mpaka wa uwezo wake. Unaweza kuhifadhi damu na nasaba, lakini hauwezi kuhifadhi msitu. Amana haikamiliki kwa kuitunza tu. Hukamilika inaporejeshwa kwa mwenyewe. Na ikiwa siku ya kurejeshwa nyumba yenyewe imekwisha katwa na kuchomwa mkaa, mnyama huyo atarudi wapi? Ndiyo maana wanavijiji wanaozunguka milima hii, baadhi yao wakiwa wawindaji wa zamani, leo hupita msituni wakiondoa mitego na kufuata nyayo za bongo wachache waliosalia. Kazi yao haina ndege wala mawaziri, lakini pasipo hiyo, daftari la nasaba lingebaki kuwa kumbukumbu za marehemu.

Binti yetu alijibiwa hivi: “Hakukosa kitu, mwanangu. Wenye kosa ni watu, naye amehifadhiwa mpaka kwao pawe salama.” Akauliza tena, “Patakuwa salama lini?” Hilo baba yake hakuwa na jibu lake la haraka.

Sisi wa pwani na visiwani tunaye wetu wa kumtazama. Paa nunga, mnyama mdogo mwekundu mwenye ukanda mweupe mapajani, amebaki Unguja, hasa Jozani na misitu ya jirani, na katika msitu wa Boni na misitu michache mingine ya mwambao wa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi yao walihamishiwa kisiwa cha Chumbe wapate mahali pa kuzaliana kwa usalama. Familia itakayokwenda Jozani likizo ijayo iwaeleze watoto habari zake, na itakaporudi nyumbani ikatae kununua nyama ya paa inayouzwa kwa siri. Msitu wake bado upo, na kuulinda sasa ni kazi nyepesi kuliko kuja kumwomba paa nunga arudishwe kutoka ng’ambo.