Jiwe la Mont Hoyo lililodhaniwa almasi mjini Kisangani

KISANGANI – Jiwe lenyewe ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ni jeupe, linapitisha mwanga kidogo, na upande mmoja lina makali. Lilifika Kisangani likiwa limefungwa kwenye pindo la kitenge, pamoja na kadi ya uchaguzi na picha mbili za watoto. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mzee mmoja mkulima, kutoka vijiji vya chini ya Mont Hoyo, wilaya ya Irumu katika Ituri, aliweza kubeba usiku ule familia yake ilipokimbia.

Walipita Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende, zaidi ya kilomita 500, mara kwa miguu, mara juu ya lori. Leo watu tisa wanaishi katika vyumba viwili vya mkwe wao, katika komini ya Kabondo. Mjukuu wake mkubwa anaendesha toleka. Akipata wateja, wanakula. Akikosa, wanasubiri kesho.

Hapa Kisangani jiwe jeupe linalong'aa haliwezi kukaa mfukoni kwa amani. Mji huu umezoea almasi. Watu wamepata nyumba kwa ajili yake, na wengine wamepoteza kila kitu. Mjukuu alipoliona jiwe la babu yake, alichukua chupa tupu ya bia na kulikwaruza juu yake. Chupa ikachorwa mstari. Usiku huo kijana hakulala. Nyumba ilikuwa na deni la miezi mitatu, na wadogo zake wawili walikuwa wamerudishwa kutoka shuleni.

Asubuhi alikwenda kwa mnunuzi wa almasi. Yule bwana hakukawia. Alilipulizia pumzi, ukungu ukabaki juu yake. Kwenye almasi ukungu hutoweka mara moja. Akaligusa kwa kalamu ya kupimia, kalamu haikulia.

"Kijana, hii ni kwarizi tu," alimwambia. "Iko tele kwenye mito."

Kijana alirudi nyumbani kimya, akaliweka jiwe mezani. Akasema yeye angelitupa. Mzee akalichukua, akalifunga tena katika kitenge. "Sikukuambia ni almasi," alisema. "Wewe ndiye uliyesema."

Mtu aliyelitazama jiwe hilo kwa namna nyingine ni jirani yao, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Alikuja jioni kusalimia, akaonyeshwa, akaenda kuchukua lenzi ya kukuzia. Watoto wote wa uwanja wakakusanyika.

Aliwaambia kwamba mnunuzi hakukosea. Kuchora chupa hakutoshi, kwa sababu kwarizi pia ni ngumu kuliko kioo. Katika kipimo cha ugumu cha mawe, ambacho almasi iko kwenye 10, kwarizi iko kwenye 7. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Jiwe la chokaa, kwa mfano, kisu hulichora kwa urahisi, na ukilidondoshea asidi linatoa povu. Alijaribu kisu kwenye pembe moja tu, polepole, hakikuacha alama. Kisha akaonyesha mahali palipovunjika. Kwarizi haipasuki kwa tabaka kama mbao. Huvunjika kwa mkunjo, kama chini ya chupa iliyovunjika, na ukingo unabaki mkali.

"Sasa tazameni upande huu mwingine," mwalimu akasema.

Upande mmoja ulikuwa mkali. Upande wa pili ulikuwa na vidonda vidogo vidogo vilivyofuatana kwa mstari, vyote vimetoka upande uleule, kama meno ya msumeno yaliyolainishwa. Maji ya mto humomonyoa jiwe pande zote na kulifanya mviringo; hayachagui upande mmoja na kuuacha mwingine. Mtu ndiye aliyeugongagonga ukingo huo ili uwe butu, auingize kwenye mti na kuushikiza kwa utomvu, makali yabaki nje.

"Ni ncha ya mshale?" kijana akauliza.

Mwalimu hakutaka kudanganya. Alisema vipande vya namna hiyo vilitumika kwa mishale, lakini pia kwa visu vya kukatia nyama na ngozi. Ili kuwa na hakika, wataalamu hutazama kwa hadubini kama ncha ina mpasuko wa kugonga mfupa, na kama kuna mabaki ya utomvu. Pia hutaka kujua jiwe lilitoka ardhi gani, kina gani, na lilikuwa karibu na nini.

Hapo mzee akaanza kusema. Aliliokota alipokuwa akilima shamba la mihogo, miaka mingi iliyopita, karibu na kijito. Yalikuwepo mengi. Watoto walicheza nayo. Yeye alichukua moja kwa sababu jiwe la mlima wao ni la chokaa, la kijivu, na hili lilikuwa jeupe.

Mwalimu aliposikia jina la Mont Hoyo alikaa chini. Katika mlima huo kuna pango la Matupi. Miaka ya 1970 mtafiti Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo. Tabaka za chini zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000, na zana zilizotoka humo ni vipande vidogo, vingi sana vikiwa vya kwarizi. Mifupa ya wanyama ilionyesha kwamba zamani hizo savana ilikuwa karibu na pango, mahali ambapo leo kuna msitu.

Si huko peke yake. Ishango, pale Semliki inapotoka katika ziwa Edouard, Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 mfupa wenye alama za kuhesabika, na kwenye ncha yake kuna kipande cha kwarizi kilichopachikwa. Umri wake ni kama miaka 20,000. Watu wa kale walitumia jiwe walilokuwa nalo. Kenya, katika Bonde la Ufa, walikuwa na obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Kule Uele, kaskazini yetu, watu huokota mashoka yaliyosuguliwa ya hematiti, jiwe zito mara mbili kuliko kwarizi, ambalo likisuguliwa kwenye kigae cheupe huacha alama nyekundu. Waganda, Wakenya na Wakongo wa leo hawakuwepo, wala majina ya makabila yetu.

Neno hilo la mwisho mzee alilirudia. Alikuwa ameanza kufurahi kwamba jiwe ni ushahidi wa ardhi yake. Akauliza: "Basi haliwezi kusema ile nchi ni ya nani?"

"Haliwezi, papa," mwalimu akajibu. "Linasema tu kwamba watu waliishi pale na kufanya kazi."

Mzee alinyamaza kidogo. Katika Tshopo pia watu wameuana kwa ajili ya ardhi. Ng'ambo ya mto, Lubunga, zipo familia zilizokimbia kwa sababu hiyo. Kisha akasema hilo linamtosha, maana naye aliishi pale na kufanya kazi.

Mwalimu alimweleza jambo moja zaidi. Sheria ya nchi ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, inayolinda mali ya utamaduni, inamtaka anayevumbua vitu vya kale awajulishe wakuu wa mahali. Na jiwe likitolewa mahali pake bila kuandikwa, limepoteza nusu ya ushuhuda wake. Nusu hiyo sasa ilikuwa katika kichwa cha mzee, na mzee ana miaka zaidi ya sabini.

Kwa hiyo walichukua daftari la mjukuu mdogo. Mzee akaeleza, kijana wa toleka akachora: barabara, kanisa, njia ya kushuka kijitoni, mwembe, shamba la mihogo, mlima upande wa nyuma. Walibishana kuhusu mwembe. Bibi alitoka jikoni akasema uko kulia, si kushoto, na alikuwa na haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiteka maji pale.

Mtoto wa mwisho alizaliwa njiani, Niania. Hajaona kijiji hicho hata siku moja. Alitazama ule mchoro, akaweka kidole juu ya kijito, akauliza kama kina samaki.

Deni la nyumba bado lipo. Jiwe liko katika bahasha, na mchoro umekunjwa pamoja nalo, ukiwa na jina la kijiji na jina la aliyeliokota.